Fahamu: Sura ambayo Binyavanga Wainaina alimbunia mamake

Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine ya fasihi ya Afrika mwaka 2002. Januari 2014 alichapisha simulizi fupi aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu cha maisha yake. Ndani yake yuko kando ya kitanda cha mamake hospitalini, na hatimaye anamwambia kwamba anawapenda wanaume.

Tukio hilo halikutokea kamwe. Mama alifariki mwaka 2000, mwanawe akiwa Afrika Kusini, bila kuambiwa. Hapo ndipo ninapoona uzito wa kazi hii: kilichokosekana maishani kilitafutwa kwenye ubunifu. Waandishi wa riwaya za njozi hubuni falme ambako wapenzi wa jinsia moja hawaulizwi maswali. Wainaina hakuhitaji ufalme; alihitaji dakika chache tu na mama.

Sheria ya Kenya haikutikisika. Vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono kati ya wanaume. Wainaina alifariki Mei 21, 2019. Siku tatu baadaye, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu hivyo.

Simulizi yenyewe ipo kwenye intaneti. Isome kabla hujaihukumu.