Kumtunza Mfiwa ni Kazi ya Kusomea

Wahenga walinena: kifo cha wengi harusi. Lakini neno hilo hutimia siku za matanga tu. Majirani wakisharudi makwao, mfiwa hubaki peke yake na uchungu wake.

Wananchi wa Nyahanga na Kahama kwa jumla wayajua haya. Machi 2015 mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40 huko Mwakata. Mwezi uliofuata wachimbaji wadogo 19 walifukiwa na kufa katika machimbo ya Kalole. Rambirambi zilitolewa na maiti wakazikwa. Je, baada ya hapo ni nani aliyewauliza wajane na mayatima hali zao?

Sisi tumezoea kumwambia mfiwa, “Jikaze.” Aliyesomea unasihi hasemi hivyo. Yeye husikiliza kwanza, humwacha mtu alie na kumtaja marehemu wake, tena huuliza kama nyumbani kuna chakula. Hujua pia kupambanua huzuni ya kawaida na ile iliyokuwa ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, yahesabu kuwa ugonjwa majonzi makali yanayozidi miezi sita na kuyavunja maisha ya mtu. Mgonjwa huyo hafai kukaripiwa. Yafaa apelekwe kwa mganga.

Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1973, husomesha watu wa kazi za ustawi. Basi yatupasa kuwapeleka vijana wetu wakasomee kazi hii. Machimbo yanayohitaji waokoaji wa kushuka shimoni, yahitaji pia watu wa kuwashika mkono wanaolia juu yake.