‘Hizi mbili zimeenda wapi?’ Swali linalomfundisha mtoto kuogopa kukosea

Mtoto anarudi nyumbani na karatasi ya hisabati, amepata alama 98. Mzazi anaipokea, anatabasamu, kisha anauliza: “Na hizi mbili zimeenda wapi?” Wengi huuliza kwa utani. Mtoto hasikii utani. Anachosikia ni kwamba mbili zilizopotea zina uzito kuliko 98 zilizopatikana.

Swali hilo likirudiwa kila muhula, huzaa tabia ambayo wazazi wengi huisifia: mtoto asiyekubali kukosea. Daftari lake safi, mwandiko umenyooka, walimu wanampenda. Nyumbani anaitwa mtoto makini, na huenda kweli ni makini. Tatizo ni kwamba umakini na hofu ya kukosea vinafanana sana kwa nje, ndiyo maana hofu huchelewa kugundulika.

Tofauti huonekana kazi inapokuwa ngumu. Mtoto makini huhangaika, hukosea, huuliza, huendelea. Mwenye hofu hufuta. Anaandika sentensi moja, anaifuta, anaiandika tena, hadi karatasi inatoboka, kisha anachana ukurasa na kuanza upya. Kazi ya nusu saa inakula jioni nzima.

Mwingine haanzi kabisa. Anakwenda kunywa maji, anachonga penseli, anatafuta rula, saa tatu ya usiku inafika hajaandika kitu. Mzazi anamwita mvivu, kumbe anaogopa kuanza jambo ambalo huenda lisitoke vizuri. Wahenga waliosema mchagua jembe si mkulima walikuwa wanamjua mtu huyu, ingawa hawakueleza kwa nini anachagua.

Anajifunza kuficha

Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na wanafunzi wa darasa la tano. Baada ya kufanya maswali mepesi, baadhi ya watoto waliambiwa wana akili sana, wengine wakaambiwa wamejitahidi sana. Kisha wote wakapewa maswali magumu, wakashindwa mengi.

Waliosifiwa akili walikata tamaa haraka na walifanya vibaya hata waliporudishiwa maswali ya kiwango cha mwanzo. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, zaidi ya theluthi yao waliziongeza. Hakuna aliyekuwa akiwatishia fimbo. Walidanganya kwa sababu alama ndogo ilimaanisha kwamba hawana akili tena.

Ndivyo inavyokuwa kwa mtoto anayeficha karatasi ya mtihani chini ya godoro. Mara nyingi si mtundu. Ameshajua kwamba katika nyumba hiyo kosa halina pa kukaa.

Wanasaikolojia wa Canada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa tabia hii katika sehemu tatu mwaka 1991: kujidai ukamilifu mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba wengine wanakudai wewe. Hii ya tatu ndiyo nzito zaidi, na tafiti zimeihusisha na wasiwasi na sonona. Pia inaongezeka. Uchambuzi wa Thomas Curran na Andrew Hill uliochapishwa 2019, uliohusisha zaidi ya wanafunzi 41,000 wa vyuo vya Marekani, Canada na Uingereza, ulionyesha imekua kwa asilimia 33 kati ya 1989 na 2016.

Hao ni vijana wa mbali, lakini mzazi yeyote wa Tanzania anazijua kelele za matokeo. Januari 2023 Baraza la Mitihani (Necta) liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora. Makundi ya WhatsApp ya wazazi hayajaacha.

Sufuria inayooshwa mara mbili

Si shuleni tu. Binti anaosha vyombo, mama anapita nyuma yake na kurudia sufuria. Kijana anapiga pasi shati, baba analirudia kimyakimya. Hakuna aliyegomba, lakini mtoto ameona. Baada ya miezi michache haoshi wala hapigi pasi hadi asukumwe, na wazazi wanalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajitumi.

Hata msemo wetu maarufu unahitaji kuangaliwa: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa mtu mzima ni onyo zuri. Kwa mtoto anayejifunza kugawanya, kurudia kosa mara kumi ndiyo njia yenyewe ya kujifunza.

Yapo mambo madogo yanayosaidia. Karatasi ikija, zizungumzwe kwanza alama zilizopatikana, tena kwa kuuliza swali gani lilimsumbua na alilitatuaje. Anayefuta sana apewe kalamu ya wino nyumbani, akikosea apige mstari mmoja na kuendelea. Wakubaliane muda wa kazi, ukiisha daftari lifungwe hata kama mwandiko haujampendeza. Na mzazi akiunguza wali, aseme mezani kwamba ameunguza, ukoko uliwe, maisha yaendelee. Mtoto ambaye hajawahi kumsikia mzazi akikiri kosa huamini wakubwa hawakosei.

Mtoto anayelia kwa kukosa alama moja, asiyelala usiku wa kuamkia mtihani au anayeumwa tumbo kila asubuhi ya mtihani bila ugonjwa kuonekana, hafai kuambiwa ajikaze. Mzazi aanze kwa mwalimu wa malezi na ushauri shuleni, na hali ikiendelea amfikishe kituo cha afya, akieleza pia hiyo hofu na si tumbo peke yake.