Mitumbwi ya Songo haijatupwa

Mgeni akishuka ufukweni Songo siku za mbalamwezi, cha kwanza kumsikitisha ni mitumbwi iliyozama. Anaikuta imelala kwenye maji ya magoti, imejaa hadi kingoni, ndani yake mawe. Hakuna mtu karibu. Anapiga picha, na baada ya miezi michache tunaiona picha hiyo katika ripoti, chini yake maneno ya umaskini na uvuvi uliokufa hapa Uvira. Nimezisoma ripoti za namna hiyo hadi nikachoka, ndiyo maana nashika kalamu.

Mitumbwi ile haijafa. Inanyweshwa. Mbao zikikaa juani wiki nzima hunywea, na viungo vyake hufunguka hata ncha ya kisu ikapita. Dawa yake ni kurudishwa majini siku mbili tatu, zivimbe na kubanana zenyewe. Mawe ni ya kuuzuia mtumbwi usielee. Mtoto yeyote wa Songo angemweleza mgeni hayo, kama angeulizwa.

Na kwa nini siku za mbalamwezi? Kwa sababu ndakala, dagaa wetu, hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Zamani ulikuwa moto wa kuni na wavu wa mkono, lusenga; kisha zikaja karabai, na tangu miaka ya 1950 mitumbwi miwili iliyofungwa kwa miti na wavu mkubwa katikati; leo ni taa za betri. Mwezi haujali. Ukijaa, ziwa linapumzika, na kwetu ziwa likipumzika ndipo ufukwe unapofanya kazi. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inavutwa nchi kavu kwa mikono mingi na nyimbo, na akina mama wanaonunua ndakala, mama yangu alikuwa mmoja wao, wanaleta bugali wa muhogo na sombe. Hakuna aliyeitwa kwa barua. Usipotokea kuvuta mtumbwi wa jirani, wako utauvuta na mkeo.

Kazi kubwa ya siku hizo ni kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao. Fundi huanza kwa kusikiliza: anagonga ubao kwa kipini cha nyundo, ubao mzima unalia, uliooza unajibu kwa sauti nzito. Kisha anachokoa pamba kuukuu kutoka kwenye kiungo mpaka mbao zionekane safi. Pamba mpya imekwisha kusokotwa na watoto juu ya mapaja yao na kulowekwa katika mawese. Anaishindilia kidogo kidogo kwa patasi butu, bila kuikaza sana. Hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu: pamba ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zikivimba majini husukumana mpaka misumari ikalegea. Lazima ibaki nafasi kidogo, na kipimo cha nafasi hiyo hakiko popote ila kwenye kiganja cha fundi. Juu ya pamba hupakwa lami iliyoyeyushwa katika kopo. Ubao wenyewe ukiwa na ufa, hufunikwa kwa kipande cha bati la debe la mafuta, kikapigiliwa kwa misumari mifupi iliyokaribiana. Mikono hunuka mawese na moshi siku nzima.

Wenzetu wa Pwani wana taabu nyingine. Bahari ina mdudu anayetoboa mbao, kwa hiyo mafundi wa Lamu na Zanzibar walizoea kuunguza tumbo la chombo kwa moto na kulipaka shahamu. Ziwa letu halina chumvi na mdudu huyo hatumjui. Kwetu uozo huanzia juu, kwenye kingo, maji ya mvua yanapotuama. Ndiyo maana mzee mmoja wa hapa humkemea kila kijana anayeacha wavu mbichi ndani ya mtumbwi usiku kucha.

Kuna pia habari za hirizi, za pombe kumwagiwa ziwa, za mwanamke kutokanyaga mtumbwi wa uvuvi. Waandishi wageni huanzia hapo na kuishia hapo. Mimi ni mwanamke, nimeukanyaga, na ndakala walikuja.

Historia nayo imetupita pembeni. Ziwani hapa watalii huuliza habari za Liemba, meli ya chuma ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924. Haya, ni meli nzuri. Lakini Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipokuja kutoka Ujiji hadi huku kaskazini kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, walipanda mtumbwi, na Stanley mwenyewe aliandika kwamba ulichongwa katika mvule wa Ugoma, yaani upande huu wetu wa magharibi. Swali lililowasumbua mabingwa wa Ulaya lilijibiwa juu ya mti wetu: Rusizi unaingia. Na watu wetu walipokimbia vita ya 1996 kuelekea Kigoma, wengi walivuka kwa boti za mbao.

Sasa tunaambiwa mbao ni hatari, tununue faiba. Sikatai faiba. Nakataa sababu. Boti iitwayo Mutambala ilipozama Desemba 2014 baada ya kutoka Moba, wakafa watu zaidi ya 120, yaliyotajwa ni shehena na abiria kupita kiasi, na upepo. Ukipakia magunia hadi maji yaguse kingo, upepo wa kusini wa kiangazi hautauliza umetumia mbao au faiba. Faiba ikipasuka, nani Songo ataiziba? Ubao tunauziba kwa pamba na mawese yetu wenyewe.

Kinachoua mitumbwi ni kitu kingine. Mvule umekuwa wa kutafutwa mbali na kwa bei kali, kwa hiyo mbao za mikaratusi mibichi zinapigiliwa kabla hazijakauka, na mwaka haujaisha zimepinda. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, lilimeza sehemu ya ufukwe ambako mitumbwi ilivutwa. Penye mchanga pakawa maji, na nyuma yake kuna nyumba na kuta za watu. Mbalamwezi ikifika, wengine hawavuti tena, wanaongeza bati juu ya bati na kurudi ziwani. Nyimbo za kuvuta wanazijua wazee tu.

Wanaogawa miche ya mikaratusi kila msimu wa mvua walete na ya mvule. Mji ututengee kipande cha ufukwe kisichojengwa. Lakini ombi langu la kwanza ni kwa mafundi wetu na wenye mitumbwi: mlipeni mwanafunzi. Tumezoea kumtumikisha kijana miaka kwa sahani ya bugali, tukiita hiyo heshima kwa fundi. Dereva wa pikipiki anarudi nyumbani jioni na feranga mfukoni. Kijana akichagua pikipiki, kosa ni letu.