Je, Wajua? Ua la Mbuyu Humngoja Popo

Je, wajua kwamba ua la mbuyu lina usiku mmoja tu wa kazi? Jua linapozama, petali zake tano, kubwa na nyeupe, hufunguka na kujikunja kwa nyuma, zikiacha wazi kishada cha stameni nyingi zilizojaa chavua. Weupe huo huonekana hata gizani, na harufu yake nzito, isiyowapendeza watu wengi, huwavuta popo wala matunda. Popo akizamisha uso ili anywe nekta, chavua humganda manyoyani, naye huipeleka kwenye ua la mbuyu mwingine. Ubuyu tunaoumung’unya huanzia hapo. Kesho yake petali hunyauka na kugeuka kahawia.

Petali si pambo tu! Hazitengenezi mbegu, lakini ndizo zinazomwita mchavushaji.

Nyuki, mchavushaji mwingine, haoni vizuri rangi nyekundu, ila huona mionzi ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Petali za alizeti, ambazo kwetu ni za njano tupu, humwonyesha nyuki duara jeusi katikati, penye nekta. Lakini mmea wa mahindi hauhitaji kumvutia yeyote, hivyo hauna petali za kuonekana. Chavua yake hupeperushwa na upepo.