Kitabu Chako Kisife Ndani ya Faili Moja



Pwani hii haina uhaba wa watu wenye vitabu vichwani. Yuko nahodha mstaafu ajuaye bandari zote za zamani, yuko ustadh aliyekusanya darsa zake miaka na miaka, yuko bibi ajuaye nasaba za mtaa mzima. Wengi huanza kuandika, wachache humaliza. Na mtu akirudi kwa Mola wake kabla ya kumaliza, elimu ile huzikwa naye.

Sababu moja, nionavyo mimi, ni kwamba twaandika kitabu kama tuandikavyo barua. Twafungua faili moja, twaanza ukurasa wa kwanza, twasonga mbele. Barua ya kurasa mbili yaenda hivyo. Lakini ukifika ukurasa wa 80 hukumbuki ulilosema ukurasa wa 20, kisa kimoja umekirudia mara tatu, na kuhamisha sura ni kazi ya kutoa jasho. Hapo mtu huiweka kazi kando "kwa muda", na muda wenyewe hauishi.

Programu za kuandikia vitabu zilitengenezwa kutatua shida hii. Inayojulikana zaidi ni Scrivener, iliyotoka mwaka 2007. Ndani yake kitabu si faili moja ndefu bali ni vipande vingi, na orodha yake iko upande wa kushoto. Tuseme waandika juu ya uundaji wa majahazi Matondoni, kule Lamu. Kipande kimoja ni kuchagua mbao, kingine kutia kalafati, kingine tanga, kingine safari za kaskazi na kusi. Leo umepata habari za tanga? Andika za tanga, usingoje zamu yake. Kila kipande kina kadi yake ya muhtasari. Ukiona safari zafaa kutangulia, waivuta kadi na maandishi yaifuata. Mwisho programu yaviunganisha vyote kuwa kitabu kimoja cha kumpelekea mchapishaji.

Scrivener hulipiwa mara moja, kama dola 60, lakini waruhusiwa kuijaribu siku 30 bure, na huhesabiwa zile siku ulizoifungua tu. Haina toleo la simu za Android. Kwa mwenye kompyuta ya Windows na riwaya mkononi, iko yWriter, ya bure, iliyotengenezwa na Simon Haynes, ambaye mwenyewe ni mtunzi wa riwaya.

Huna haja ya kukimbilia kununua. LibreOffice ni ya bure na yatosha kuanzia. Siri yake ni moja: kila kichwa cha sura kipe mtindo wa kichwa kwa kubonyeza Ctrl na 1, usikikoze wino tu. Kisha bonyeza F5, utaona sura zako zote zimejipanga, na waweza kuipandisha au kuishusha sura nzima. Mwenye simu tu atumie Google Docs, nayo yafuata vichwa vivyo hivyo. Na wazee wasioweza kuchapa, kibodi ya Google husikiza Kiswahili na kuandika. Ila akizungumza Kiamu au Kimvita, kaa karibu usahihishe.

Mambo mawili kabla hujaanza. Kwanza, zima masahihisho ya Kiingereza, la sivyo ukurasa mzima utajaa mistari myekundu na maneno yako yatageuzwa bila idhini yako. Pili, weka nakala mahali pawili mbali mbali: moja kwenye flashi, nyingine ujitumie kwa barua pepe kila Ijumaa. Laptopu huibwa, flashi hupotea, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na mitambo.

Programu haitakuandikia kitabu. Kazi yake ni kukuonyesha ulipofika na kilichobaki, ili usikate tamaa njiani. Basi wiki hii usiandike sura ya kwanza. Andika majina ya vipande kumi, kila kimoja mstari mmoja. Kisha chagua kile ukijuacho zaidi, uanze nacho. Na ikiwa kitabu kiko kichwani mwa mzazi wako, keti naye ukiwa na simu mkononi, maadamu yuko.

Wabillahi tawfiq.