Mshitakiwa wa mauaji Kahama haulizwi kipato ili apewe wakili

MKAZI wa Kahama anayeshitakiwa kwa mauaji halazimiki kuthibitisha umaskini wake ndipo apewe wakili. Shauri linapofika Mahakama Kuu naye hana wakili wake mwenyewe, mahakama humpangia mmoja kwa gharama za Serikali, awe ni mchimbaji mdogo, mkulima wa pamba au mfanyabiashara wa mchele.

Msingi wa utaratibu huo ni uzito wa adhabu, ambayo ni kunyongwa hadi kufa. Mkoani Shinyanga suala hilo si geni, kwani kesi za mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi zimefikishwa mahakamani kwa miaka mingi.

Tatizo ni kwamba wakili huyo huja kwa kuchelewa. Shauri huanzia mahakama ya chini, ambako mshitakiwa hatakiwi kujibu lolote, kisha hurudishwa mahabusu kwa kuwa mauaji hayana dhamana. Kwa kawaida wakili hupangwa baada ya upelelezi kukamilika na shauri kuhamishiwa Mahakama Kuu. Wakati huo mteja wake huenda alikwishaweka dole gumba kwenye maelezo ya onyo polisi, nayo ndiyo hati ambayo wakili atalazimika kuipinga.

Hali ni tofauti kwa anayeshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo nalo halina dhamana, adhabu yake haipungui miaka 30 jela, na husikilizwa hadi mwisho katika mahakama ya wilaya, mara nyingi mshitakiwa akijitetea mwenyewe.

Kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1969, hakimu huangalia mambo mawili: kama haki inadai mshitakiwa asaidiwe, na kama uwezo wake hautoshi kumlipa wakili. Kiwango cha kipato hakikutajwa, hivyo uamuzi hubaki kwa hakimu.

Kwa sababu hiyo, ni vyema mshitakiwa aeleze hali yake mapema, kabla mashahidi hawajaanza kuitwa, na aombe maneno yake yaandikwe katika mwenendo wa shauri. Ndugu zake nao wanaweza kwenda kwa mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa, ambaye huduma yake ni ya bure. Msaidizi wa kisheria anaweza kushauri na kuelekeza, lakini haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili.

Akitiwa hatiani katika mahakama ya wilaya, hukata rufaa Mahakama Kuu. Taarifa ya kusudio hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo. Aliyeko gerezani huwasilisha nyaraka hizo kupitia kwa mkuu wa gereza, na siku hizo humhesabia hata kama hana wakili.