Kuinyoosha Nuru Iliyopindwa na Hewa

Atakayepanda darini Mlandege, Unguja, katikati ya Disemba, yapata saa mbili na nusu za usiku, akaelekea mashariki, ataiona Shira, nyota iliyotajwa katika Suratin-Najmi na ing'aayo kuliko nyota zote za usiku, ikimetameta mara nyekundu mara samawati juu ya mapaa ya mabati yaliyoota jua mchana kutwa na ambayo sasa yanaurudishia upepo joto lake. Na akikesha hadi saa saba, nyota itakapokuwa karibu na utosi, ataikuta imetulia zaidi, kwa kuwa nuru yake inapita katika hewa iliyo kidogo.

Nuru hiyo husafiri zaidi ya miaka minane bila ya kudhurika, nayo huharibika katika kilomita chache za mwisho tu, ambamo mafungu ya hewa ya moto na ya baridi huipinda kila moja kwa kadiri yake. Ndiyo sababu darubini yenye kioo cha mita 8, ijapokuwa hukusanya nuru nyingi mno, isiposaidiwa haipambanui mambo madogo kuliko ile ya sentimita 20 hivi, na hiyo naiona ni hasara kubwa kwa elimu ya falaki.

Mwaka 1953 Horace Babcock, mwanafalaki wa Marekani, alitoa rai kwamba nyota yenyewe ishuhudie upotofu wa nuru, kisha kioo kipindwe kinyume cha upotofu huo hata wimbi linyooke. Rai hiyo ilingoja zaidi ya miaka 30 kupata vyombo vyake. Leo, kule Paranal nchini Chile, katika kimo cha mita 2,635, darubini iitwayo Yepun ina kioo chenye upana wa mita 1.12 na unene wa milimita 2 tu, ambacho sumaku 1,170 zilizo nyuma yake hukigeuza umbo hadi mara 1,000 kwa sekunde.

Lakini nyota angavu za kushuhudia haziko kila pahala. Basi hurushwa miale ya leza ya manjano, ikaiwasha sodiamu iliyoachwa na vimondo kiasi cha kilomita 90 juu yetu, ikawa nyota ya kubuni. Nayo haijitoshelezi: mwale uliokwenda juu umeyumbishwa na hewa ile ile, hivyo hauwezi kueleza taswira nzima imesogea wapi, na kwa jambo hilo moja hapana budi iulizwe nyota ya kweli, hata ikiwa hafifu.

Kwa maarifa haya, na kwa nuru iliyo chini ya nyekundu, ipenyayo vumbi, makundi ya wanafalaki Reinhard Genzel na Andrea Ghez yaliifuata nyota S2, katika buruji la Kausi lipitalo juu ya Unguja usiku wa Julai, ikilizunguka kila miaka 16 dubwana lisiloonekana lenye uzito wa majua milioni 4; na mwaka 2020 wawili hao walipewa nusu ya tuzo ya Nobel ya fizikia.